Niliandika "gemu hii nimetengeneza peke yangu", binamu akaniuliza hii miti umechora wewe? (Uzi wa krediti, yaani majina ya walioshiriki kutengeneza)

#1 fundi_bajaji (mwenye uzi)

Wakuu habari za jioni. Naomba nisimulie kidogo alafu mnisaidie mawazo.

Natengeneza gemu ya simu, ya bajaji. Unabeba abiria Dar, unakwepa mashimo, unagombana nao kuhusu chenji. Natumia Godot, programu ya bure ya kutengenezea gemu. Nimeanza mwaka juzi, usiku usiku nikitoka kazini, wikiendi zote zimeliwa, hamna mtu aliyenishika mkono. Kwa iyo juzi nilipoona imefika mwisho nikatengeneza ile skrini ya kwanza kabisa, nikaandika kwa herufi kubwa IMETENGENEZWA NA, jina langu, alafu chini yake PEKE YAKE. Nikaiangalia nikaona imekaa. Nikampa simu binamu yangu aijaribu, yupo kidato cha pili, akacheza kidogo akauliza kaka, hii miti umechora wewe? Nikasema hapana nimedanlodi. Na mlio wa breki? Nimedanlodi. Na muziki? Nimedanlodi. Dogo akanirudishia simu, akasema sasa peke yako iko wapi apo.

Daah.

Nikafungua folda. Faili 212 ambazo sio za mkono wangu. Picha, milio, muziki, fonti. Shida sio kwamba nimeiba, karibu zote ni vitu vya kutolewa bure na leseni zake, shida ni kwamba kila nilipokuwa nadanlodi kitu nilikuwa naona jina la faili refu lina manamba na majina ya ajabu ajabu, nalifuta, naweka breki.wav, alafu breki2.wav, alafu breki_MWISHO.wav, alafu breki_mwisho_kweli.wav. Sasa mwenye breki_mwisho_kweli ni nani katika dunia hii? Wikiendi tatu nimefanya upelelezi, nimerudi OpenGameArt kwenye picha, nimerudi Freesound kwenye milio, nimerudi kwa Kenney yule mchoraji wa vitu vya gemu, nimebaki na faili 19 hazina baba wala mama.

Naomba msaada kwenye mambo haya: izo 19 nifanyeje, wale waliosema "sio lazima uniandike" niwaandike au niwaache, majina yakae wapi, na hili ndo linaniumiza kichwa zaidi, jina langu mwenyewe niliwekeje sasa? Nikiandika mwandishi mimi, mchoraji mimi, mkurugenzi mimi, si itakua kama msiba ambao mfiwa ndo mshereheshaji ndo mpishi ndo anayepokea rambirambi.

Nawasilisha.

#2 kiti_cha_mbele

Uzi tayari, nimekaa mbele nisikose neno 😂 Ila krediti ya kwanza kabisa apewe binamu, mkaguzi mkuu.

#3 msee_wa_godot

Niaje wasee. Pole buda, hiyo breki_mwisho_kweli imenimaliza, mi pia nimewahi kuwa na mlango_final_final.

Sasa skiza. Zile sauti za Freesound ukidanlodi jina la faili linakuja na namba ya sauti, halafu jina la mwenye aliirekodi, halafu jina la sauti yenyewe, vyote vimeunganishwa na mistari ya chini. Kumaanisha krediti ilikuwa IMEANDIKWA KWA FAILI na wewe ukaifuta kwa mkono wako. Lakini usilie, huwezi danlodi huko bila kuingia na akaunti, kwa hivyo wanaweka rekodi ya kila kitu ulichukua. Ingia akaunti yako utafute ukurasa wa krediti, wanakupangia orodha ya sauti zote umedanlodi na leseni ya kila moja. Fungua moja moja usikilize ulinganishe na zako. Jumapili moja umemaliza.

Kitu ingine yenye watu wengi husahau ni Godot yenyewe. Ni ya bure ndio lakini leseni yake ni MIT, na MIT haikuombi kitu ingine isipokuwa hii moja, notisi ya hakimiliki na maandishi ya leseni viende pamoja na gemu. Huhitaji kuandika kwa mkono, kuna fankisheni inaitwa get_license_text, unaiita inakupea maandishi yote unayaweka kwa ukurasa wa krediti. Na ndani ya Godot kuna vipande vya watu wengine pia kama FreeType ya kuchora herufi, hao nao wanataka kutajwa.

#4 fundi_bajaji (mwenye uzi)

Msee umeniokoa!! Nimeingia sasa ivi, ukurasa upo kweli. Katika zile 19, milio 13 nimeipata. Na breki_mwisho_kweli imepata baba, jamaa karekodi treni. Yani miaka miwili bajaji yangu inafunga breki za treni.

Zimebaki 6, picha tupu.

#5 mchoraji_unguja

Assalaam alaykum. Mie naomba niseme kwa upande wa pili, maana mie ndo yule mwenye miti.

Si miti yako wewe, usishtuke. Lakini nachora picha za pikseli naweka itch.io, soko la mtandaoni la gemu na vitu vyake, mikoko, minazi, madau, milango ya mji. Nyengine nauza dola tatu dola tano, nyengine nimeweka bure kwa CC BY, maana yake chukua, kata, badilisha rangi, uza gemu yako utajirike, ila jina langu liandike. Basi. Hicho ndo bei yake. Watu wanadhani bure maana yake haina bei, ina bei, bei yake ni mstari mmoja wa maandishi.

Mwaka jana nikaletewa video ya gemu moja na rafiki yangu, nikamuona mnazi wangu. Namjua mnazi wangu kwa sababu nilikosea kivuli upande wa kushoto na sijawahi kurekebisha. Nikatafuta jina langu kwenye gemu, hamna. Nikamuandikia mwenye gemu, mtu mstaarabu tu, akasema yeye kauchukua kwengine, pakiti ya mtu ameandika CC0 mali ya umma fanya utakalo. Kumbe kuna mtu kakusanya vitu vya watu kumi akavipandisha kama vyake na leseni sio. Kwa hiyo yule wa gemu hana kosa la nia lakini mie bado sina jina.

Akaniuliza nifanyeje, nikamwambia andika tu. Akaandika siku ile ile. Sikutaka pesa. Nimepata watu watatu wamenifata kutoka mstari ule, mmoja kanipa kazi.

Nnachotaka kukwambia fundi, ukidanlodi kitu piga picha ya skrini ya ule ukurasa, ionekane leseni na tarehe. Siku mtu akija kukuuliza unakuwa na cha kuonesha kuwa ulikipata vipi. Na zile picha 6 zisizo na mwenyewe, zitoe. Si zangu lakini ni za mtu.

#6 fundi_bajaji (mwenye uzi)

Dada yangu waalaykum salaam, nimekuelewa na nimeona aibu kidogo. Izo 6 nazitoa leo, kuna za Kenney zinaweza kukaa apo, yule Mholanzi anaweka vitu vyake CC0 na wala hadai kuandikwa. Ndo narudi kwenye swali langu sasa, huyu asiyedai nimuandike?

#7 mchoraji_unguja

Muandike. Jirani akikuletea futari akasema "usijali sahani" wewe ndo hurudishi sahani?

#8 babu_katriji

Vijana nawasoma. Mimi umri umeenda, niliwahi kucheza Atari kwa jirani aliyekuwa anasafiri melini. Wacha niwaambie hili swala la mtu kuandika jina lake lilianzia wapi maana mnaliona dogo.

Zamani izo Atari, kampuni ya gemu ya Marekani, ilikuwa haiandiki jina la mtengenezaji kabisa. Wala kwenye boksi, wala kwenye kijitabu, wala kwenye gemu. Kulikuwa na kijana anaitwa Warren Robinett, alitengeneza gemu inaitwa Adventure ya Atari 2600, kodi (maandishi ya programu) yeye, michoro yeye, ubunifu yeye, huyo ndo peke yake kweli kweli. Katriji moja dola 25, zikauzwa zaidi ya milioni moja, yeye mshahara kama dola 22,000 kwa mwaka na jina hakuna. Akafanya nini? Akaficha chumba ndani ya gemu. Ili uingie inabidi uokote kitone kimoja cha kijivu, ukubwa wa pikseli moja, rangi sawa na pale kilipo, ukipeleke sehemu fulani, ndo unaingia unakuta maandishi yanametameta rangi, kwamba gemu hii imetengenezwa na Warren Robinett. Hakumwambia mtu. Akaacha kazi 1979. Siri ikaja kufichuliwa na mtoto wa miaka 15 huko Salt Lake City, aliwaandikia Atari barua. Wakataka kuufuta ule ujumbe, wakapiga hesabu ya kutengeneza upya wakaona gharama, wakaacha. Meneja mmoja akasema viwe kama mayai ya Pasaka, vya watu kuvitafuta. Jina la yai la Pasaka kwenye gemu limetoka apo.

Mwaka huo huo 1979 wengine wanne wa Atari waliondoka kwa hasira izo izo za mgao na jina, wakaanzisha Activision, na kule kijitabu cha gemu kina jina la mtengenezaji na picha yake. Mtu alihama kampuni sababu ya mstari mmoja wa jina. Nyie mmeruhusiwa kuandika mnaona uvivu.

#9 mkweli_mchungu

Wakuu tusidanganyane, nani anasoma krediti? Mimi majina yakianza kupanda nabonyeza ruka. Gemu ya bajaji ya shilingi elfu mbili unataka kuweka ukurasa wa majina kama tume ya uchaguzi. Weka jina lako toa gemu, mambo mengine baadae, akitokea mtu analalamika unamuongeza.

#10 msee_wa_godot

Mkweli, wewe huisomi kwa sababu jina lako haliko huko. Siku litakuwa huko utaisoma mara mia na utaita nyanya yako aisome.

Halafu ni kama CV buda. Kuna tovuti ya MobyGames, iko tangu 1999, watu wanakusanya huko majina kutoka kwa krediti za gemu, nani alifanya nini. Ukitafuta kazi studio ya mtu Berlin ama Cape Town hawataamini maneno, wataangalia gemu imetoka na jina lako liko ndani. Sasa hiyo ni sawa pia kwa yule alichora miti.

#11 mpenda_sheria

Naomba nimjibu Mkweli kwa utaratibu maana iyo "akilalamika unamuongeza" ni hatari kuliko anavyodhani, na inategemea namba ya leseni ambayo watu huwa hawaiangalii.

Leseni za Creative Commons, izo zinazoanza na CC, zina matoleo. La 4.0, lililotoka 2013, lina huruma: ukikiuka, ruhusa inakatika palepale, lakini ukirekebisha ndani ya siku 30 tangu ugundue, inarudi yenyewe. Toleo la 3.0 halina kifungu icho. Ukisahau jina ruhusa imekufa, na kuipata upya inabidi umuombe mwenye kazi. Na vitu vingi vya zamani vya OpenGameArt ni 3.0. Fundi angalia wale watu wako wanaotembea barabarani, kama wametoka kwenye mkusanyiko wa Liberated Pixel Cup (LPC), mashindano ya kuchora picha za gemu ya 2012, basi ni CC BY-SA 3.0 pamoja na GPL, leseni nyingine ya programu huria.

Herufi mbili za mwisho nazo zina kazi. SA maana yake ulichobadilisha kinabaki na leseni ileile, kwa iyo kama ulimchukua mhusika ukamvalisha sare ya konda, iyo picha ya konda na wewe unatakiwa uiachie watu wengine waitumie. NC maana yake hakuna biashara, na gemu yenye matangazo usije ukajidanganya kwamba ni bure, matangazo ni pesa. ND maana yake usibadilishe, iyo wala usiiguse, na muziki wa ND ndo kabisa, maana kwenye leseni zao kuupachika muziki uende sambamba na picha zinazotembea kunahesabiwa ni kuubadilisha.

Na hata tukiacha leseni pembeni, sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inampa mtunzi haki ya kutambuliwa kwa kazi yake, iyo haki ni mbali na pesa. COSOTA, wale wa hakimiliki, wapo.

#12 mchoraji_unguja

Huku Unguja ni COSOZA na sheria yetu ya 2003, tusisahauliwe 😊

#13 fundi_bajaji (mwenye uzi)

Mpenda sheria umenitoa jasho. Nimeangalia, watembea kwa miguu wote ni LPC. Tena nimegundua jambo, mtu mmoja kwenye gemu yangu, mama mwenye kikapu, ana wachoraji SABA. Mwili kachora huyu, nywele yule, sketi mwingine, viatu mwingine. Bahati nzuri ile tovuti ya kuunganisha vipande vya wahusika wa LPC inakupa na orodha ya wachoraji wa kila kipande, mimi nilidanlodi picha nikaiacha orodha. Nimerudia mmoja mmoja kuchagua nywele zilezile na sketi ileile ili orodha itoke. Saa nne usiku mpaka saa nane.

Na muziki mmoja nimekuta ni NC. Nautoa. Ulikuwa mzuri jamani, ule wa foleni. Nitatumia wa Kevin MacLeod, ule wa kwake ni CC BY na yeye kaandika kabisa kwenye tovuti yake mstari wa kunakili, jina la wimbo, jina lake, incompetech.com, leseni. Unanakili unabandika, hamna kufikiri. Natamani wote wangefanya ivyo.

#14 sauti_ya_mtaa

Mimi ni mtu wa sauti. Nyongeza ndogo: kama umeikata ile sauti ya treni, umeipunguza kasi, umeiongezea mwangwi, sema umebadilisha. Neno moja linatosha, "imebadilishwa". Leseni inataka ivyo na ni heshima pia, mtu asije akadhani jamaa alirekodi takataka kumbe ni wewe umeikoroga.

Na majina mengine ni ya kwenye mtandao tu, namba na mistari, usiyatengeneze yakapendeza. Mtu kajiita kwa herufi ndogo zote na namba tisa mbele, muandike ivyo ivyo.

#15 kiti_cha_mbele

Kuhusu sehemu ya kuweka, mimi napendekeza linki tu ya ukurasa wa tovuti, unaokoa nafasi.

#16 msee_wa_godot

Leseni ya CC 4.0 inakubali linki, ndio. Lakini gemu ni ya simu na mtu anacheza akiwa hana bando. Linki bila bando ni ukuta. Andika maneno yenyewe ndani ya gemu, kitufe cha krediti kwa menyu ya kwanza, si eti mpaka umalize gemu ndio uone, kuna watu hawatawahi maliza. Halafu hiyo orodha iweke pia kama faili ya maandishi na kwa ukurasa wa gemu. Fonti usisahau, kama ni zile za leseni ya SIL, notisi na leseni yake lazima ziende pamoja na fonti ikiwa ndani ya gemu.

#17 fundi_bajaji (mwenye uzi)

Sawa. Sasa turudi kwa mimi mwenyewe jamani maana mmeniruka. Jina langu.

#18 babu_katriji

Liandike mara moja, juu kabisa, peke yake kwenye mstari wake. Usiogope. Chini yake kazi zako kwa mstari mmoja: ubunifu, kodi, michoro ya bajaji na barabara, maandishi. Usijirudie mara kumi na moja. Na usiandike "timu yetu" kama timu ni wewe na feni.

Lile neno PEKE YAKE ndo ulitoe. Yule Mmarekani wa gemu ya Stardew Valley, Eric Barone, kodi yeye, picha yeye, muziki yeye, zaidi ya miaka minne mpaka 2016, huyo akisema peke yangu watu wanaitikia. Gemu ya Undertale ya 2015 watu wanaita ya Toby Fox, na ni yake, kodi na muziki yeye, lakini michoro mingi ni ya Temmie Chang na jina lake limo. Hakuna aliyemuona Toby mdogo kwa ajili iyo.

#19 mkweli_mchungu

Hapa babu nakubali. Ila jina halisi au la mtandaoni? Mimi mwajiri wangu akijua natengeneza gemu usiku atasema ndo mana nasinzia kwenye vikao.

#20 mpenda_sheria

Soma mkataba wako wa kazi kwanza. Kuna mikataba inasema chochote unachobuni ukiwa mwajiriwa ni chao, apo jina bandia halikusaidii, linachelewesha tu kesi.

#21 babu_katriji

Wajapani wa miaka ya 80 na mwanzo wa 90 waliandikwa majina ya utani kwenye krediti maana kampuni ziliogopa wenzao wasiwaibie watu. Mpaka leo watu wanahangaika kujua nani alikuwa nani. Mtunga muziki wa gemu ya Street Fighter II, Yoko Shimomura, kaandikwa Shimo-P. Sasa ni maarufu duniani, lakini kwenye gemu yenyewe ni Shimo-P. Andika jina lako, kijana.

#22 chipukizi_wa_juzi

Samahani wakubwa, kwani si mngetumia AI ichore miti yote, hamna mchoraji hamna krediti?

#23 mchoraji_unguja

Haya.

#24 msee_wa_godot

Chipukizi, Steam, lile duka la gemu za kompyuta, tangu Januari 2024 wanakuuliza kama umetumia AI na majibu yanaonyeshwa kwa wanunuzi kwa ukurasa wa gemu. Kwa hivyo bado utaandika tu. Tuendelee.

#25 fundi_bajaji (mwenye uzi)

Wakuu kuna moja sikuwaambia kwa sababu sikuliona kama ni la krediti, sasa nimeanza kuliona.

Mule kwenye gemu ukipita stendi kuna sauti ya konda anaita abiria. Iyo sikudanlodi. Nilienda na simu Mbagala alfajiri, nikamkuta jamaa anaita, ana koo la ajabu, anaweza kutaja vituo nane bila kuvuta pumzi na katikati akamtukana dereva kidogo. Nikamuomba nimrekodi kwa ajili ya gemu, akacheka, nikampa elfu kumi, akaita dakika kama tatu kwa nguvu zote. Kila mtu aliyejaribu gemu anasema kitu bora mule ndani ni ile sauti. Sio miti, sio bajaji yangu niliyochora miezi miwili. Konda.

Na mimi kwenye orodha yangu nimeandika watu wa Barcelona, Marekani, Uholanzi, na mama mwenye kikapu wachoraji saba, konda hayupo. Hata jina lake sikuuliza.

#26 mkweli_mchungu

Si ulimlipa? Kalipwa, yameisha.

#27 sauti_ya_mtaa

Na fundi rangi wa picha za filamu analipwa na anaandikwa. Pesa ni pesa, jina ni jina. Mimi nimerekodi wapiga ngoma wengi, ukiwalipa wanashukuru, ukiwaambia jina lako litatokea wanakuuliza mara tatu linaandikwaje.

#28 mpenda_sheria

Mrudie. Mwambie gemu inauzwa, muombe ruhusa wazi wazi, umrekodi akikubali au muandikishane. Na muulize anataka aandikwe vipi, wengine hawataki majina yao kamili yaonekane kazini.

#29 fundi_bajaji (mwenye uzi)

Nimetoka Mbagala sasa ivi. Siku ya kwanza sikumkuta, siku ya pili nikaambiwa kahamia gari lingine, leo nimempata. Nikamsikilizisha sauti yake ndani ya gemu, akaita wenzake, simu yangu ikazunguka stendi nzima nikajua ndo imeondoka. Kakubali, nimemrekodi. Jina halisi hataki, anataka lile ambalo watu wanamjua nalo, limeandikwa na nyuma ya gari.

Krediti sasa zimekaa ivi (majina ya wote siyaweki apa ni mengi, orodha ina watu 41):

Kwanza jina langu, mara moja. Ubunifu, kodi, michoro ya bajaji na barabara.
Sauti ya stendi: Chenji Baadae.
Wahusika: wachoraji wa Liberated Pixel Cup, jina moja moja, leseni CC BY-SA 3.0, zimebadilishwa, na sare za konda nilizochora nimeziachia OpenGameArt kwa leseni iyo iyo.
Majengo na alama: Kenney, CC0.
Milio: watu wa Freesound, kila mmoja na jina la sauti yake. Ya treni nimeandika "imebadilishwa kuwa bajaji".
Muziki: Kevin MacLeod na mstari wake.
Fonti na leseni yake. Godot na leseni yake.
Wajaribu: wale 12 ambao Play Store walinidai wakae na gemu siku 14, na binamu juu yao, cheo chake Mkaguzi Mkuu kama alivyosema Kiti.

PEKE YAKE nimefuta.

#30 mchoraji_unguja

MashaAllah. Mkoko huna lakini kwenye gemu? Nna mkoko. Bei unaijua.

#31 fundi_bajaji (mwenye uzi)

Nautaka dada, kuna sehemu ya Kigamboni inausubiri.

Ila toleo jipya limechelewa kidogo. Nilimtumia konda picha ya skrini ya krediti ajione, kanipigia simu palepale. Anasema ndugu yangu, nyuma ya gari nimeandika Baadaye, ina y, nilimlipa mchora mabango herufi kwa herufi. Narekebisha.